Vitabu vya kidunia na dhamiri ya Mkristo: swali la mzazi ambalo sikulijibu ipasavyo

Mwanzisha uzi (mwalimu, Mbale)

Ndugu zangu wana jukwaa, nawasalimu kwa jina la Bwana.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na fasihi katika shule ya sekondari iliyoanzishwa na kanisa, huku mashariki mwa Uganda chini ya Mlima Elgon, na siku ya Jumapili ni mmoja wa wasomaji wa masomo ibadani. Kwa miaka mingi kazi hizi mbili zimekaa ndani yangu bila kugombana. Muhula uliopita mzazi mmoja alifika shuleni akiwa ameshika riwaya niliyomwazima binti yake, akaiweka juu ya meza yangu, kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwalimu, kitabu hiki kitamsaidiaje mwanangu awe Mkristo mwema?" Nilimweleza habari za mtihani, nikamweleza habari za ufasaha wa lugha, naye akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, lakini sote wawili tulijua kwamba sikuwa nimemjibu. Ninayoyaandika hapa ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile.

Niseme kwanza ninachokizungumzia. Ninaposema fasihi ya kidunia sikusudii maandishi ya uchafu, ambayo hata asiyemcha Mungu huyaficha watoto wake wasiyaone. Nakusudia riwaya, tamthilia, mashairi na ngano ambazo hazikutungwa ili kuhubiri Injili, na ambazo pengine watunzi wake hawakuwa Wakristo kabisa. Dai langu ni kwamba mtu anaweza kuzijua amri zote za Mungu kwa moyo na bado asijione alipo, na kwamba hadithi ya kubuni, hata isiyolitaja jina la Mungu, ni chombo ambacho Mungu mwenyewe amekitumia kumfumbua macho mtu wa namna hiyo.

Ushahidi wangu wa kwanza ni Samweli wa Pili, mlango wa 12. Daudi alikuwa amemtwaa mke wa Uria na kumwua mumewe kwa upanga wa Waamoni. Je, Daudi hakujua kwamba uzinzi ni dhambi? Alijua. Je, hakujua amri ya kutoua? Alikuwa mfalme wa Israeli, mwimbaji wa zaburi. Ujuzi wake wa sheria ulikuwa kamili, na haukumfanya lolote kwa muda wote ambao mimba ile ilikua mpaka mtoto akazaliwa. Nathani alipotumwa kwake hakuanza kwa kumsomea torati. Alianza na watu wawili wa mji mmoja, tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, na maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu, aliyekula katika tonge lake, akanywea kikombe chake na kulala kifuani pake. Naomba msomaji aitazame hadithi hiyo peke yake, kabla ya maneno yanayoifuata. Haina jina la Mungu, haina sala, haina amri hata moja, na ingeweza kusimuliwa jioni katika kijiji chochote cha huku kwetu na mtu ambaye hajawahi kuingia kanisani. Daudi aliisikiliza bila kujilinda kwa sababu hakujua kwamba inamhusu, akamkasirikia yule tajiri kwa hasira ya haki, akamhukumu kufa, na ndipo aliposikia "Wewe ndiwe mtu huyo."

Nimehubiriwa mlango huo mara nyingi, na karibu kila mara mhubiri hukimbilia toba ya Daudi. Mimi hubaki kwa yule mwanakondoo. Kwa nini Nathani alitaja tonge na kikombe? Hoja ya kisheria haikuvihitaji vitu hivyo, maana wizi ni wizi hata kama kondoo hulala zizini. Vilihitajika ili Daudi ampende mwanakondoo asiyekuwapo, wa mtu asiyekuwapo, na kwa njia ya upendo huo aone alichomtenda mtu aliyekuwapo kweli. Hiyo ndiyo kazi ya fasihi, na sijapata maelezo yake yaliyo bora kuliko mlango huo.

Ushahidi wangu wa pili uko hapa hapa nchini. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa *abasomi*, yaani wasomaji. Kabla mtu hajaitwa mbatizwa aliitwa msomaji, na kusoma na kuamini vikawa jambo moja machoni pa watu wa kasri. Alexander Mackay, fundi Mskoti aliyefika Buganda mwaka 1878, alianza kuwafundisha kwa maandiko ya Kiswahili, kwa sababu Kiganda kilikuwa bado hakina tafsiri, na maandiko hayo yalitokana na kazi ya Askofu Edward Steere wa Unguja. Sasa, huyu Steere ndiye yule yule ambaye mwaka 1870 alichapisha London mkusanyo wa ngano za Waswahili jinsi zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja, na ndani yake mna kisa cha punda wa dobi, ambamo kima anamponyoka papa aliyetaka kumpeleka kwa mfalme wake akatolewe moyo. Askofu aliyetafuta maneno ya kumsemea Kristo kwa Kiswahili aliyatafuta, pamoja na kwingineko, vinywani mwa wasimulizi wa ngano, na wengi wa wasimulizi hao walikuwa Waislamu. Nimejaribu kuikadiria Injili ile kama angeogopa hadithi zao, na nadhani ingekuwa na Kiswahili cha kamusi.

Hata Apolo Kagwa, Katikiro (yaani waziri mkuu) wa Buganda, Mkristo aliyenusurika katika mateso ya enzi ya Kabaka Mwanga, hakuona kwamba ubatizo wake unamdai azisahau ngano za wazee. Alizikusanya, akazichapisha.

Nitoe mfano mmoja wa darasani kisha niwaachie nafasi. Kila mwaka nasoma na kidato cha pili *Adili na Nduguze* cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952. Mtunzi ni Mwislamu wa Tanga, na kisa chenyewe ni cha zamani kuliko yeye, maana kiini chake kimo katika Alfu Lela Ulela. Adili anatupwa baharini na ndugu zake Hasidi na Mwivu kwa sababu ya wivu, anaokolewa, na ndugu wale wanageuzwa manyani. Anaamriwa na jini awachape kila usiku, naye anawachapa, lakini baada ya kuwachapa huwabembeleza huku akilia. Mwanafunzi yeyote wa kwetu hukumbuka mara moja Yusufu na ndugu zake. Mwaka mmoja kijana ambaye baba yake na baba zake wadogo walikuwa kortini kwa sababu ya shamba la kahawa aliuliza: "Mwalimu, kama amesamehe, kwa nini anachapa? Na kama hajasamehe, kwa nini analia?" Darasa lilinyamaza. Tulikuwa tumesoma habari za Yusufu tangu shule ya Jumapili na hakuna aliyewahi kuuliza hivyo, kwa kuwa tulishajua mwisho wake na tulishaambiwa maana yake. Tulirudi siku ile kwenye Mwanzo 42 na 43, tukaona kwamba Yusufu naye aliwafunga ndugu zake gerezani, akamtia Simeoni pingu mbele ya macho yao, kisha akajitenga nao akalia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeisoma milango hiyo ibadani kwa sauti bila kuyasikia machozi yale. Kitabu cha kidunia ndicho kilichonirudisha kwenye Neno nikiwa na masikio.

Naomba michango, hasa ya wanaonipinga.

Mchungaji (Mukono)

Mwalimu, nakushukuru kwa kuandika kwa unyenyekevu, na nitakupinga kwa moyo huo huo.

Nimelelewa katika nyumba ya Walokole, yaani watu waliookoka. Babu yangu aliokoka katika Uamsho wa miaka ya 1930, na jambo moja alilolifanya ni kuziondoa nyumbani mwake nyimbo na hadithi zote ambazo hazikumtukuza Yesu. Watu wa nje waliona kwamba amepoteza urithi wake. Sisi tuliokua mikononi mwake tuliona mtu ambaye moyo wake ulikuwa umekusanyika mahali pamoja, aliyekuwa tayari kuungama kosa lake hadharani jioni ile ile, na sijaona riwaya iliyozaa mtu wa namna hiyo.

Hoja yako ya Nathani ina nguvu, lakini imeacha neno moja. Maandiko yanasema kwamba Bwana alimtuma Nathani kwa Daudi. Hadithi ile ilikuwa na mtumaji, na ilikuwa na mwisho uliojulikana na msimulizi tangu mwanzo. Mtunzi wa riwaya ametumwa na nani? Anakupeleka ndani ya moyo wa mwenye dhambi na pengine anakuacha humo humo usiku, bila nabii wa kukuambia kwamba wewe ndiwe mtu huyo. Mimi nilikuwa kijana wa namna hiyo. Nilisoma nilichokipata kwenye mabweni, na sitasema uongo kwamba nilikisoma kwa ajili ya hekima. Nilikifuata kile kilichoniwasha. Imenichukua miaka mingi kuondoa picha zilizoingia kwa mwezi mmoja.

Mtunga zaburi anasema hataweka mbele ya macho yake neno la uovu. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba mazungumzo mabaya huharibu tabia njema. Waefeso waliokuwa wakitumia uganga walivileta vitabu vyao wakavichoma mbele ya watu, na thamani yake ilikuwa fedha elfu hamsini. Hawakuviweka maktabani kwa ajili ya watakaoweza kuchambua. Nauliza kama mchungaji wa vijana wenye simu mikononi: kati ya wanafunzi sitini wa darasa lako, ni wangapi watayaona yale machozi ya Yusufu, na ni wangapi watabaki na uchafu tu?

Mwanafunzi wa theolojia (Kampala)

Shikamoo Mchungaji, shikamoo Mwalimu. Naomba kuchangia upande wa historia ya Kanisa, kwa sababu swali hili liliulizwa mapema sana na watu waliokuwa karibu zaidi na upagani kuliko sisi.

Mchungaji ana wenzake wakubwa. Tertuliani wa Karthago aliuliza Athene ina nini na Yerusalemu, yaani elimu ya Wagiriki ina nini na imani. Yeronimo anasimulia katika barua yake kwa Eustokia kwamba aliota yuko mbele ya kiti cha hukumu, akajitambulisha kuwa Mkristo, akaambiwa kwamba anasema uongo, yeye ni mfuasi wa Cicero, yule mwandishi mpagani wa Kirumi. Aliapa kutovigusa tena vitabu vile, na atakayesoma maandishi yake ya baadaye ataona kwamba Cicero hakumtoka.

Lakini liko tukio moja ambalo naona halitajwi vya kutosha katika mijadala yetu. Mwaka 362 Kaisari Juliani, aliyelelewa Mkristo kisha akarudi kwenye miungu ya kale, alitoa amri iliyowaondoa walimu Wakristo katika kazi ya kufundisha fasihi ya Kigiriki na Kirumi. Hoja yake ilikuwa kwamba asiyeiamini miungu ya Homer, mshairi wa kale wa Wagiriki, hana haki ya kumfundisha Homer, na akawashauri Wakristo waende makanisani mwao wakawafafanue Mathayo na Luka. Mario Viktorino aliacha shule yake Roma kuliko kuliacha Neno, na Augustino anamsifu kwa hilo. Gregori wa Nazianzo alikasirika sana kwa amri hiyo. Hakusema kwamba Kanisa limepata nafuu kwa kuondolewa vitabu vya wapagani. Alisema kwamba Juliani ametunyang'anya kilicho chetu. Kwa hiyo mtu wa kwanza mwenye mamlaka kuwatenga Wakristo na fasihi ya kidunia kwa sheria alikuwa adui wa Kanisa, na alifanya hivyo kwa sababu alijua vitabu vile vinawapa nguvu gani.

Rafiki wa Gregori, Basili wa Kaisaria, aliwaandikia vijana juu ya jambo hili hili, na mfano wake wa nyuki unafahamika: nyuki haendi kwa kila ua, na hata kwa ua alilolichagua habebi lote. Napenda pia kwamba Basili hakuwaandikia wanazuoni. Aliwaandikia vijana wanaoenda shule kila siku, wa umri wa wanafunzi wa Mwalimu.

Augustino ndiye anayenipa shida, na sitaki kumtumia kwa upande mmoja tu. Katika *Maungamo* anajilaumu kwamba alipokuwa mtoto alimlilia Dido, malkia wa katika utenzi wa Virgil, aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, na hakujililia mwenyewe aliyekuwa akifa mbali na Mungu. Hapo Mchungaji anapata shahidi mwaminifu. Lakini katika kitabu hicho hicho anasema kwamba alipokuwa kijana wa miaka kumi na minane au kumi na tisa alisoma maandishi ya Cicero yaitwayo *Hortensius*, na kwamba kitabu hicho cha mpagani kiliyageuza mapenzi yake na sala zake zikaelekea kwa Bwana. Mtu mmoja, aina moja ya vitabu, mara moja machozi ya bure na mara moja mlango wa wokovu. Nadhani tofauti ilikuwa katika kile alichokuwa akikitafuta alipokifungua kitabu.

Mwanzisha uzi (mwalimu, Mbale)

Mchungaji, swali lako la mtumaji limenikosesha usingizi usiku wa jana, na nisingependa kulijibu haraka haraka.

Nianze na aya ya Wakorintho uliyoinukuu, kwa kuwa ina jambo ambalo mimi nililijua nikiwa mtu mzima tayari. Maneno "mazungumzo mabaya huharibu tabia njema" hayakuanza na Paulo. Tangu zamani za mababa wa Kanisa yamejulikana kuwa mstari wa Menander, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha wa Athene aliyeishi karne tatu na zaidi kabla ya Paulo. Mtume anapotaka kuwaonya Wakorintho juu ya kuharibika kwa tabia, anaazima neno kutoka jukwaani. Huko Athene anawaambia wasikilizaji wake kwamba sisi tu wazao wa Mungu, na anasema wazi kwamba ni neno la washairi wao, naye Aratus aliyeliandika alikuwa akimsema Zeus, mungu wa Wagiriki. Kwa Tito anamnukuu Mkrete juu ya Wakrete, kisha anaongeza kwamba ushuhuda huo ni kweli. Je, nani aliyemtuma Menander? Sijui kwamba kuna aliyemtuma. Lakini neno lake limo katika kitabu tunachokibusu, kwa sababu aliyetumwa alilikuta njiani akaliokota. Kutumwa, naona, kunaweza kuwa kwa msomaji pia.

Hapo ndipo ninapoiona kazi ya mwalimu Mkristo. Umesema kijana huachwa usiku bila nabii, na hilo ni kweli tupu, maana sisi watu wazima ndio tuliomwacha. Wewe ulisoma bwenini peke yako kwa sababu hapakuwa na mtu mzima aliyekubali kusoma nawe. Kosa hilo ni la kizazi changu cha walimu kuliko la vitabu.

Vitabu vya Efeso vilikuwa vya uganga, vya kutendea kazi, na waliovichoma walikuwa wenyewe waliovitumia. Ningevichoma nami.

Sasa nikiseme kitabu chenyewe ambacho yule mzazi alikiweka mezani kwangu, kwa sababu nimekificha tangu mwanzo na si haki. Kilikuwa *Rosa Mistika* cha Euphrase Kezilahabi, kilichotoka mwaka 1971, ambacho kwa kipindi fulani kilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Mtunzi alikuwa mtu wa Ukerewe aliyesoma seminari. Ndani yake mna baba, Zakaria, mlevi mwenye mkono mzito, ambaye anamlinda binti yake kwa kipigo hata barua ya kijana inapokuwa kosa la kumwaga damu. Msichana anakua bila kujua lolote ila woga. Anapotoka nyumbani na kwenda mahali ambapo fimbo ya baba haifiki, hana kitu ndani yake cha kumzuia, anapotea, na mwisho anajiua. Mtunzi haishii hapo, anatupeleka mpaka mbele ya Mungu, ambako baba na binti wanashtakiana.

Ndiyo, mna mambo ya aibu katika kitabu hicho, na simpi mtoto wa kidato cha kwanza. Lakini nimekaa katika vikao vya wazazi kwa miaka mingi, na nimewasikia kina baba waaminifu, watu wa kanisa, wakisema kwamba dawa ya msichana ni fimbo na geti. Nimewasomea mahubiri juu ya Waefeso 6, pale baba wanapoambiwa wasiwachokoze watoto wao, nao wakaitikia amina na kurudi nyumbani vile vile. Mmoja wao aliyesoma habari za Zakaria (alikiokota kitabu cha bintiye, akakisoma chote kwa siku mbili) alikuja kwangu na hakuwa na mengi ya kusema. Aliniuliza kama nadhani Zakaria alimpenda bintiye. Nilimwambia nadhani alimpenda. Akasema, "Hilo ndilo linalonitisha."

Mtu huyo ndiye yule mzazi. Alirudi wiki mbili baada ya siku ile.

Na hapa nataka nigusie jambo moja kuhusu hadithi tunazoziita safi, zile za vijitabu vya kiroho tunavyowagawia vijana. Sizidharau, zimewafaa wengi. Tatizo lake ni kwamba dhambi huingia ndani yake kama mgeni kutoka mjini, imevaa miwani na kushika sigara, na kijana hujifunza kuitambua kwa mavazi yake. Zakaria hakuja kutoka mjini. Ni baba wa nyumba, na ukali wake unafanana sana na uadilifu.

Mama (Gulu)

Mwalimu na Mchungaji, nawaamkia. Kiswahili changu nilikipata kambini, kwa kuwa marehemu baba yangu alikuwa askari, kwa hiyo mtanivumilia.

Mimi nafundisha watoto shule ya Jumapili kwa miaka kumi na minane sasa. Huku kwetu Acholi huwezi kukwepa jina la mshairi Okot p'Bitek, mwana wa Gulu, na kitabu chake cha wimbo wa Lawino cha mwaka 1966 wengi wetu tulikisikia kwa wazee kabla ya kukiona. Mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba ni kitabu kinacholitukana Kanisa, nikakiacha. Mwaka jana mwanangu alikuwa nacho nyumbani, nikakisoma nikiwa nimekusudia kukikataza.

Kweli kinasema maneno makali. Lawino anasimulia jinsi alivyokaa katika darasa la dini, wakikaririshwa maneno wasiyoyaelewa huku mwalimu akipaza sauti, mpaka akachoka akaondoka kwenda ngomani. Tena anasema kwamba alipouliza maswali juu ya uumbaji, wakubwa wa dini walimkasirikia badala ya kumjibu. Nilikiweka chini nikaenda nje. Wiki chache kabla ya hapo mtoto mmoja wa miaka tisa alikuwa ameniuliza Mungu alikuwa akikaa wapi kabla hajaiumba mbingu, nami nikamwambia akae kimya, asiwasumbue wenzake. Nilimwambia mbele ya wote. Mtoto yule alikuwa hajarudi kwa Jumapili mbili.

Mchungaji, mimi sikubaliani na Okot juu ya Yesu, na sidhani kwamba yeye mwenyewe angetaka tukubaliane. Lakini miaka kumi na minane hakuna semina ya walimu wa Jumapili iliyowahi kuniambia jinsi ninavyoonekana nikiwa nimesimama mbele ya watoto. Nilikwenda kwao yule mtoto jioni, nikamwambia bibi yake kwamba swali lake lilikuwa zuri na kwamba tutalitafuta pamoja. Anakuja sasa, na maswali yameongezeka.

Mchungaji (Mukono)

Mama, ushuhuda wako umenigusa, na sitaki kuujibu kwa hoja.

Mwalimu, suala la Menander nililithibitisha kwa mwenzangu anayefundisha Agano Jipya, naye akanionyesha maelezo yake. Nakiri kwamba nimeihubiri aya hiyo dhidi ya vitabu vya kidunia zaidi ya mara moja, na nitaliambia kusanyiko langu nilichojifunza, kwa sababu babu yangu angefanya hivyo.

Hata hivyo kuna mahali ambapo bado nimesimama. Wewe unazungumza juu ya kitabu kilichosomwa pamoja na mtu mzima, mlango wazi, na Biblia ikiwa karibu. Mimi nazungumza juu ya hali ilivyo. Shule nyingi hazina mwalimu mwenye moyo huo, na nyingine hazina vitabu hivyo ila nakala mbili kwa darasa zima. Mkisema kwa jumla kwamba fasihi ya kidunia hulea dhamiri, kijana atasikia ruhusa na hatasikia masharti. Ningependa useme kwamba ni dawa, na dawa ina kipimo na mtu wa kuipima. Pia Augustino wa yule kijana wa Kampala ananisumbua vizuri: kwamba mtu huyohuyo alilia machozi ya bure kwa Dido. Wako Wakristo, nami nawafahamu, wanaolia kwa ajili ya mjane wa kwenye tamthilia ya televisheni na hawajawahi kumpelekea mjane wa jirani hata debe la maji. Hadithi imewapa raha ya kujiona wema. Hili hujaligusa.

Mwanzisha uzi (mwalimu, Mbale)

Sijaligusa, Mchungaji, na ndilo zito kuliko yote uliyoyasema.

Ni kweli kwamba huruma kwa mtu wa kubuni haina gharama, na anayeizoea anaweza kushiba nayo. Daudi mwenyewe alimhurumia mwanakondoo na kumkasirikia tajiri, na kama Nathani angeondoka hapo, Daudi angelala usiku ule akijihesabu kuwa mfalme mwenye haki kuliko alivyokuwa asubuhi. Hadithi peke yake ingemwongezea dhambi. Hilo nalikubali bila kupunguza kitu, na kwa sababu hiyo nimebadilisha jambo moja darasani tangu uzi huu ulipoanza. Zamani nilikuwa nikimaliza kitabu kwa kuuliza maswali ya wahusika na dhamira, kama mtihani unavyotaka. Sasa somo la mwisho huwa kimya. Kila mwanafunzi anaandika, kwenye karatasi ambayo mimi siisomi, jina la mtu mmoja wa kweli ambaye kitabu kile kimemfanya amwone. Sijui wanaandika nani. Mwanafunzi mmoja aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani Ijumaa, akasema ana jambo na baba yake mdogo.

Neno la kipimo nalipokea pia. Nitalitumia na wazazi, kwa kuwa wanalielewa kuliko neno uchambuzi.

Kwa mama wa Gulu, aliyeniandikia kando akiuliza aanze na kitabu kipi pamoja na watoto wakubwa wa shule ya Jumapili: mama, anza na *Adili na Nduguze*. Ni kifupi, hakina jambo la kuaibisha, na watoto hupenda manyani. Soma kwa sauti, kurasa chache kwa siku, na ukifika pale Adili anapowachapa nduguze kisha akalia, usieleze kitu. Funga kitabu uwasubiri. Kama hakuna atakayeuliza siku hiyo, rudieni ukurasa huo huo Jumapili inayofuata kabla ya kufungua Mwanzo 42.